Chagua Kazi Kwanza, Chuo Baadaye: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Sekondari Anayetaka Hoteli na Utalii

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne anataka kusomea nini. Akijibu "utalii," muulize utalii upi, na hapo ndipo wengi hukwama. Mmoja kichwani ana Land Cruiser inayokata vumbi Serengeti. Mwingine anajiona mapokezi kwenye hoteli ya ufukweni Zanzibar, shati limenyooka, jina kifuani. Wa tatu anataka kuwa askari wa hifadhi. Watatu hao wakichukua fomu ya chuo kimoja na kozi moja, wawili kati yao watakuwa wamepoteza mwaka na ada ya mzazi.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kazi. Nimeuandika nikiiwaza Tanzania, kwa sababu mitihani, leseni na vyuo nitakavyovitaja ni vya huku. Muda mzuri wa kuanza ni kidato cha tatu, mchujo wa kidato cha pili ukiwa umepita na mtihani wa taifa bado uko mbali kidogo. Aliye kidato cha sita naye hajachelewa, ila likizo zilizobaki azitumie kwa akili.

Hatua ya kwanza: ijue siku ya kazi, usiishie kwenye jina lake

Chukua daftari. Upande mmoja andika hoteli, upande wa pili safari na hifadhi.

Tuanze na hoteli. Wageni huona mapokezi na mgahawa, lakini watu wengi wako nyuma: jikoni, stoo, manunuzi, dobi, usafi wa vyumba, ufundi, uhasibu, mauzo. Idara ya usafi wa vyumba ndiyo vijana huidharau zaidi, nami naiona kuwa mlango mzuri kuliko yote kwa anayeanza. Mhudumu wa vyumba hukabidhiwa asubuhi orodha ya vyumba, mara nyingi 12 hadi 16 kwa zamu. Chumba ambacho mgeni ameondoka huchukua kama nusu saa: kuvua mashuka, kukagua chini ya kitanda na ndani ya kabati kama kuna kilichosahaulika, kusafisha choo na bafu, kutandika upya, kuweka taulo na sabuni, kisha kusimama mlangoni na kukitazama chumba kwa jicho la mgeni anayeingia. Kazi hiyo inachosha mgongo, lakini inafundisha viwango haraka. Anayeiweza vizuri hupanda kuwa msimamizi wa ghorofa, na hatimaye mkuu wa idara mwenye bajeti na watu chini yake.

Mhudumu wa mgahawa kwenye loji ya porini huwa na zamu iliyokatwa katikati. Anaamka usiku kuandaa chai na kifungua kinywa cha wageni wanaotoka alfajiri kwenda kuangalia wanyama, mchana anapumzika kidogo, jioni anarudi hadi mgeni wa mwisho anapomaliza chakula. Anakaa huko wiki kadhaa mfululizo kabla ya kupewa siku zake za kwenda nyumbani. Kama huwezi kuwa mbali na watu wako wakati wa Krismasi na Idi, lijue hilo sasa, kwa sababu sikukuu ndio msimu wenyewe.

Upande wa safari kuna kazi za ofisini ambazo hazipigwi picha: kupokea maombi ya wageni kwa barua pepe, kupanga ratiba, kukokotoa bei, kuhifadhi nafasi kwenye kambi, kulipia viingilio vya hifadhi. Kampuni za Arusha na Moshi zinahitaji sana mtu anayeandika Kiingereza safi na asiyekosea tarehe. Halafu kuna dereva anayeongoza wageni, ambaye ni dereva, mwalimu wa wanyama, fundi wa dharura na mwenyeji, vyote kwa pamoja, kwa siku saba au kumi na watu walewale.

Mlimani njia ni nyingine kabisa. Viongozi wengi wa Kilimanjaro walianza kama wapagazi, wenyewe huitana wagumu. Mzigo wa kampuni haupaswi kuzidi kilo 20, na getini unapimwa kwenye mizani. Kutoka hapo mtu hupanda kuwa mpishi au kiongozi msaidizi, akapata mafunzo na leseni, ndipo akawa kiongozi anayewafikisha wageni Uhuru, mita 5,895. Moshi kuna shirika liitwalo KPAP linalotetea maslahi ya wapagazi na kuwaazima mavazi ya mlimani bila malipo. Anayeanza alijue, kwa sababu wapo wanaopanda na raba za mtumba na sweta moja.

Kwenye hifadhi za taifa, zilizo chini ya TANAPA, na kwenye Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, askari na maofisa wako ndani ya Jeshi la Uhifadhi. Maana yake kuna mafunzo ya kijeshi, silaha, doria za usiku na kuhamishwa kituo. Mtu anayependa tembo lakini hapendi kuamrishwa atateseka huko.

Zanzibar ongeza waongozaji wa Mji Mkongwe, walimu wa kuzamia, wahudumu wa boti na wataalamu wa masaji na spa. Chagua kazi mbili, tatu zikizidi sana. Mbele ya kila moja andika inaanza saa ngapi, inamalizika saa ngapi, unalala wapi, mwili unafanya nini, na unakutana na nani.

Hatua ya pili: tumia likizo kwenda kuona

Likizo ya Juni na ile ya Desemba zinatosha. Usisubiri fildi ya chuo ndipo uingie jikoni kwa mara ya kwanza ukakuta joto na kelele hukuviwezi. Omba siku tatu tu kwenye hoteli au kampuni iliyo karibu nawe, hata kama ni gesti ya vyumba ishirini mjini kwenu. Barua iwe fupi:

"Kwa Afisa Rasilimali Watu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Naomba kufika hotelini kwenu kwa siku tatu wakati wa likizo ya Juni ili nione kazi za idara ya usafi wa vyumba na jikoni. Siombi malipo. Nimeambatanisha barua ya mwalimu wangu na ya mzazi wangu."

Ipeleke mwenyewe, asubuhi ya katikati ya wiki, ukiwa umevaa sare ya shule iliyopigwa pasi. Wikiendi wana harusi na semina, hakuna atakayekusikiliza. Hoteli nne zikikukatalia, nenda ya tano.

Ukishakaribishwa, uliza maswali yanayojibika. Ukimuuliza mtu "Dada, kazi ikoje?" atakujibu "Tunamshukuru Mungu," na mazungumzo yameishia hapo. Sema hivi: "Shikamoo dada. Samahani, jana uliingia saa ngapi, ukatoka saa ngapi? Kabla ya hapa ulikuwa wapi? Ungekuwa mimi, ungeanza na nini?" Swali hilo la mwisho hufungua midomo. Jioni, ukifika nyumbani, andika ulichokiona kabla ya kulala. Daftari hilo utakuja kulitumia kwenye usaili wa chuo, na hata wa kazi, ambako wenzako watasema "napenda kukutana na watu" na wewe utasema ulichokiona kwa macho.

Shule yenu kama ina klabu ya mazingira au ya Malihai, ile ya uhifadhi wa wanyamapori, jiunge. Ada za Watanzania kuingia hifadhini ni ndogo sana zikilinganishwa na za wageni, na ziara ya shule hupunguza gharama zaidi. Kijana wa Karatu ambaye hajawahi kushuka kreta ya Ngorongoro hawezi kujieleza vizuri mbele ya mwajiri wa Arusha.

Hatua ya tatu: masomo yanayobeba kazi

Kiingereza hakina mjadala. Jiografia, Historia na Biolojia ndizo malighafi za mwongozaji. Mgeni akikuuliza kwa nini nyumbu huenda kuzalia nyanda za Ndutu kati ya Januari na Machi, jibu lake liko kwenye udongo wa majivu ya volkano na majani mafupi yenye madini, ambayo ni Jiografia na Biolojia za sekondari. Tanzania ina aina za ndege zaidi ya 1,100, na wapo wageni wanaokuja kwa ajili ya ndege tu. Mwongozaji anayewajua kwa sauti huombwa kwa jina.

Hesabu ndizo wanafunzi wengi hudhani wamezikimbia wakichagua hoteli. Tazama hili: jikoni kumenunuliwa samaki wa kilo tano kwa shilingi 50,000, yaani 10,000 kwa kilo. Akitolewa kichwa, mifupa na ngozi, amebaki kilo tatu. Kila kilo inayofika kwenye sahani imegharimu takribani shilingi 16,700. Shefu anayepanga bei kwa ile 10,000 ataiingiza hoteli hasara huku mgahawa umejaa wateja. Wakuu wa jikoni hupanda kwa hesabu za namna hii kuliko kwa mapambo ya sahani.

Kwa anayeendelea kidato cha tano, HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) inamfaa wa uongozaji, EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) wa biashara na usimamizi, CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) wa uhifadhi wa wanyamapori. Tahasusi zenye Kifaransa ni chache shuleni. Ukiipata, usiiache kwa sababu marafiki wote wameenda kwingine. Kwa walio kidato cha kwanza, mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una mkondo wa amali, ambao unachanganya masomo ya kawaida na fani ya ufundi. Mwalimu wako wa taaluma ndiye wa kumuuliza ni shule gani mkoani zinatoa fani za ukarimu na utalii.

Hatua ya nne: lugha ya tatu, na uianze leo

Ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu, ningebakiza hii. Wenye vyeti vya hoteli ni wengi. Wenye cheti na Kifaransa au Kijerumani cha kuongea si wengi, na kampuni za safari huwapa wageni wa lugha hizo waongozaji wanaozijua, tena kwa malipo ya siku yaliyo juu kuliko ya mwenzao wa Kiingereza pekee.

Chagua kwa kutazama unakotaka kufanya kazi. Marekani, Ufaransa na Ujerumani ni masoko makubwa ya safari za kaskazini, hivyo kwa Arusha na Moshi Kifaransa au Kijerumani ni chaguo salama, na Kihispania kinafuata. Pwani ya mashariki ya Unguja, hasa Kiwengwa, Waitaliano wamekuwa wakija kwa miongo mingi. Utakuta muuza vinyago wa ufukweni anapatana bei kwa Kiitaliano ambacho hakuna darasa lililomfundisha. Huyo ni ushahidi kwamba lugha inapatikana kwa masikio. Lakini Kiitaliano cha kuuzia vinyago hakitoshi kueleza biashara ya karafuu na historia ya watumwa pale Mji Mkongwe kwa saa mbili, kwa hiyo baada ya masikio tafuta darasa.

Alliance Française ipo Dar es Salaam na Arusha, Goethe-Institut ipo Dar, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius kwa Kichina. Aliye mbali na miji hiyo atumie programu za simu na redio za kimataifa kwenye intaneti, kisha ajisajili kwa mtihani tu. Lenga kiwango cha A2, yaani mazungumzo mepesi ya kila siku, unapomaliza sekondari, na B1, yaani kujieleza bila kushikwa mkono, unapomaliza chuo. Chini ya B1 usijiite mwongozaji wa lugha hiyo. Mgeni atakugundua kabla hamjafika getini.

Hatua ya tano: sasa ndio uchague mlango

Milango ni mitatu.

Wa kwanza ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa anayetaka mikono yake ianze kazi mapema: upishi, huduma ya chakula na vinywaji, usafi wa vyumba, mapokezi. Ngazi zake ni ya kwanza hadi ya tatu, na alama za kidato cha nne hazikubani sana. VETA ina chuo mahususi cha hoteli na utalii kilichopo Njiro, Arusha. Aliyejifunza kazi mtaani bila cheti, kwa mfano aliyepika mgahawani miaka mitatu, anaweza kupimwa na VETA kwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi akapewa cheti bila kuanza darasani upya.

Wa pili ni cheti na diploma za vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Kuingia ngazi ya nne unahitaji angalau ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, masomo ya dini yakiwa nje ya hesabu. Cheti huchukua mwaka, na ukiendelea hadi diploma, yaani ngazi ya sita, ni miaka mitatu. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa SUZA kina taasisi yake ya utalii Maruhubi. Anayetaka wanyamapori akitazame Chuo cha Mweka, kilichopo kwenye miteremko ya Kilimanjaro tangu 1963, na Pasiansi cha Mwanza kwa kazi ya askari wa wanyamapori.

Wa tatu ni kidato cha sita kisha shahada, kwa kiwango cha chini cha ufaulu wa masomo makuu mawili (principal pass) wenye jumla ya pointi nne. SUA ya Morogoro, UDOM ya Dodoma na Chuo Kikuu Huria ni miongoni mwa vinavyofundisha utalii. Shahada inafaa kwa anayelenga wizara, taasisi za uhifadhi, mipango, ualimu wa chuo au umeneja wa juu. Ila mwenye shahada asiyejua kutandika kitanda wala kubeba sahani tatu hupokelewa kwa shida hotelini, na mara nyingi huanzia palepale alipoanzia wa cheti. Wapo wanaofanya diploma na kazi kwanza, shahada baadaye, wakati mwajiri ameshawajua. Mimi naupenda mpangilio huo.

Kabla ya kulipa hata fomu, tazama kwenye tovuti ya NACTVET kama chuo cha cheti au diploma kimesajiliwa na kozi hiyo imo kwenye usajili wake. Halafu nenda ukione. Ingia jiko la mafunzo: majiko yanawaka au yamefunikwa vumbi? Kuna chumba cha kujifunzia usafi chenye kitanda na bafu? Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili walifanyia fildi wapi, na chuo kiliwatafutia nafasi au kiliwapa barua tu wakajitafutie. Vipo vyuo vya ghorofani mjini vinavyofundisha upishi kwa projekta.

Anayetaka uongozaji ajue pia kwamba Sheria ya Utalii ya 2008 imeitenga kazi ya kuongoza watalii na ile ya kupandisha wageni mlimani kwa Watanzania, na kwamba mwongozaji anahitaji leseni. Bara leseni za utalii zipo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, Zanzibar chini ya Kamisheni ya Utalii. Dereva wa watalii anahitaji leseni ya kubeba abiria, ile ya gari la nyumbani haitoshi. Hivi vyote vina gharama na muda, viingize kwenye mpango.

Hapa mwite mzazi asome

Mzazi, wasiwasi wako una msingi. Unaogopa pombe, zamu za usiku, na binti kukaa mbali porini. Usimkataze mtoto kwa neno moja, kaa naye mtazame kazi ipi kati ya hizo. Nyumba ambayo dini hairuhusu kugusa pombe bado ina nafasi: mapokezi, uhasibu, bukingi, usafi wa vyumba, kazi ya mikate na keki. Kwa binti anayeajiriwa hotelini, mwajiri aulizwe mambo matatu kabla hajasaini: usafiri wa kumrudisha nyumbani zamu ikiisha usiku upo? Makazi ya wafanyakazi wa kike yametengwa? Akisumbuliwa na mgeni au msimamizi, anampelekea nani taarifa? Hoteli nzuri hujibu papo hapo. Inayocheka swali hilo, mrudishe mwanao nyumbani.

Hatua ya sita: uandike mpango kwenye ukurasa mmoja

Tuseme uko kidato cha tatu Moshi na umechagua kazi ya ofisi ya safari, uongozaji ukiwa chaguo la pili. Mwaka huu: Kifaransa mara mbili kwa wiki, siku tatu za likizo ya Juni ofisini kwenye kampuni ya mjini. Mwakani: mtihani wa taifa, lengo Kiingereza na Jiografia visishuke chini ya C. Baada ya mtihani kuna miezi ya kusubiri matokeo ambayo wengi huilala. Hapo jifunze kompyuta, hasa majedwali ya hesabu na barua pepe, na huduma ya kwanza. Kisha cheti, diploma, fildi. Pembeni weka bei: ada, nauli, sare, viatu vyeusi visivyoteleza, mtihani wa lugha. Chini kabisa andika utafanya nini alama zikikosekana. Mpango usio na mstari huo husambaa siku ya matokeo.

Hatua ya saba: msimu, tipu na mkataba

Kazi hii ina masika yake. Aprili na Mei kambi nyingi za kaskazini hufungwa au hupunguza watu, na mkataba wa msimu huisha hapo. Tipu, ambazo kwa mwongozaji au mpagazi zinaweza kuzidi mshahara, nazo hukauka. Mwenye kujua huweka akiba kuanzia Julai na hutumia masika kusoma kozi fupi au lugha. Mwaka 2020, wakati wa korona, watalii wa kimataifa walishuka kutoka milioni 1.5 ya mwaka uliotangulia hadi kama 620,000. Waliokuwa na ujuzi unaouzika nje ya utalii, kama upishi, uhasibu, ufundi au udereva, walipata pa kushika. Idadi ilipanda tena na kupita milioni 2 mwaka 2024, lakini hesabu hiyo ibaki kichwani unapochagua ujuzi wa pili.

Ukiahidiwa kazi ya hoteli Oman au Dubai, na wengi mtaahidiwa, hakikisha wakala amesajiliwa na serikali; ofisi za serikali za huduma za ajira, TaESA, zitakueleza. Soma mkataba kabla ya kusafiri, uwe na jina la hoteli, cheo, mshahara, saa na nani analipa tiketi ya kurudi. Kazi ya hoteli ikigeuka kuwa kazi za ndani mkataba ukiwa mezani, usisaini. Nakala moja baki nayo, moja iache kwa mama, na pasipoti isishikwe na mtu mwingine.